Kwa nini visu viwili vya katoni moja havilingani urefu

Chukua visu viwili vya kukunja vya modeli moja, kiwanda kimoja, vimetoka katika katoni moja iliyofunguliwa leo dukani Mwembe Tayari, Mombasa. Vifungue uviweke mgongo kwa mgongo. Mara nyingi ncha moja itaipita nyingine kwa nusu milimita, pengine hata milimita nzima. Mnunuzi akiona hivyo husema kimoja ni feki, na muuzaji, kwa kukosa la kujibu, hupunguza bei. Wote wawili wamekosea. Tofauti ya kiasi hicho huzaliwa kiwandani, na ukijua imezaliwa hatua gani hutaichanganya na kisu kilichochezewa baadaye.

Kabla ya kulaumu kiwanda, tukubaliane tunapima nini, maana ugomvi mwingi huishia hapa. Namba iliyo kwenye boksi yaweza kuwa ya kitu kingine kabisa. Ile 91 ya visu vya Victorinox ni milimita za mpini kisu kikiwa kimefungwa, si za bapa, yaani kile chuma chenye makali. Opinel namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na hiyo 8 ni saizi tu. Kampuni ya Spyderco huandika namba mbili mbalimbali, urefu wa bapa na urefu wa makali, na huo ndio uandishi wa kweli, kwa sababu kati ya mpini na mahali makali yanapoanza kuna shingo isiyonolewa. Shingo hiyo yaweza kula milimita tano, hata kumi. AKTI, taasisi ya visu na zana ya Marekani, inashauri kupima kwa mstari mnyoofu, toka ncha hadi sehemu ya mbele kabisa ya mpini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inayohusu visu vya mfukoni inataja makali, yasizidi inchi 3. Kisu kimoja, vipimo viwili halali, na pengo lao ni kubwa kuliko kosa lolote la kiwandani.

Kuna na hili la inchi. Inchi 3.5 ni milimita 88.9, boksi huandika 89, na duka la mtandaoni huandika sentimita 9. Kisu hakijaguswa na tayari kimerefuka milimita moja.

Sasa kiwandani. Bapa huanza kama kipande kinachokatwa kutoka bati la chuma, ama kwa presi yenye kalibu, ama kwa leza, ama kwa maji ya shinikizo kubwa. Kwa presi, kadiri tundu la kalibu linavyochakaa ndivyo kipande kinavyotoka kikubwa kidogo, kwa hiyo mabapa ya mwanzo na ya mwisho wa maisha ya kalibu ileile si mapacha kamili. Kisha chuma hupashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Hapo hutanuka, na kutanuka kwenyewe hubaki baada ya kupoa, kwa kuwa mpangilio wa ndani wa chuma kigumu unahitaji nafasi zaidi. Kwa vyuma vingi vya visu ni takriban sehemu moja kwa elfu au pungufu, yaani kama 0.09 ya milimita kwenye bapa la 90. Kiwanda makini hulijua hilo na hukamilisha tundu la pini, ile ambayo bapa huizunguka likifunguliwa, baada ya moto, si kabla.

Hizo zote ni sehemu za kumi za milimita. Tofauti unayoiona kwa macho hutoka kwenye ncha.

Makali hutiwa mwishoni, na katika viwanda vingi kazi hiyo bado ni ya mkono wa mtu mbele ya ukanda wa msasa. Mkono ukifika kwenye ncha huinuka kidogo, au hukawia nusu sekunde zaidi. Chuma kinachoondoka upande wa makali ni kidogo, ila makali na mgongo hukutana kwa pembe nyembamba, kwa hiyo ncha hurudi nyuma kuliko unene ulioondoka. Hesabu yake ni rahisi: gawanya unene huo kwa sini ya pembe ya ncha. Ncha ya digrii 30, ukiondoa nusu milimita, kisu kimefupika milimita 1. Ncha nyembamba ya digrii 20, nusu milimita ileile inakula karibu 1.5. Ncha butu ya digrii 60 inapoteza chini ya 0.6. Ndiyo maana visu vya ncha ya sindano hutofautiana sana ndani ya katoni moja, na vile vya ncha nene, ambavyo mabaharia hupenda kwa kukatia kamba, hukaribia kulingana. Hakuna uzembe hapo. Fundi yule, mkono uleule, kwa umbo jingine la ncha atakupa tofauti nyingine.

Baada ya hapo, au kabla yake, mabapa mengi hutiwa katika pipa linalozungushwa pamoja na vijiwe ili yapate ule weupe wa kukwaruzika. Vijiwe huviringisha ncha. Ncha ya digrii 30 ikiviringika kwa nusukipenyo cha 0.2 tu, urefu umepungua zaidi ya nusu milimita. Kisu kilichopitia pipa baada ya ncha kukamilika kitakuwa kifupi kuliko ndugu yake mwenye bapa linalong'aa, ingawa vimekatwa kwa mchoro mmoja.

Mpini nao una lake. Ukipima kwa njia ya AKTI, urefu wa bapa ni umbali wa pini hadi ncha, ukitoa umbali wa pini hadi mdomo wa mpini. Makosa ya sehemu mbili hukutana: ncha ikizidi 0.15 na mdomo ukipungua 0.15, kisu kimezidi 0.3 ijapokuwa kila kipande kimepita ukaguzi. Mipini ya plastiki hunywea inapopoa ndani ya kalibu, na mipini inayopigwa msasa kwa mkono huwa na kingo za mviringo, hata watu wawili wasikubaliane mbele yake ni wapi.

Kuna visingizio ambavyo havina uzito. Joto la Mombasa halirefushi kisu: bapa la milimita 85 likitoka nyuzi 20 hadi 33 linaongezeka kama sehemu moja tu kwa mia ya milimita. Unyevu wa pwani huvimbisha mpini wa mbao, kweli, na mwenye Opinel anajua bapa linavyong'ang'ania wakati wa masika, lakini mbao huvimba kwa upana, si kufuata nyuzi zake, kwa hiyo mdomo wa mpini hausogei kwa kiasi cha kuhesabu. Loki, yaani kishikizo kinachozuia bapa lisijifunge, ikilisimamisha digrii moja pembeni huipeleka ncha ya kisu cha 90 milimita moja na nusu juu au chini, na kwa urefu karibu sifuri.

Kupima kwenyewe kunahitaji uangalifu. Usiibane ncha kwa meno ya vania, kile kipimio cha chuma chenye meno mawili. Utaikunja, na utakuwa umeunda tofauti uliyokuja kuitafuta. Tepu ya fundi pia haifai kwa tofauti ndogo hivi. Laza kisu kilichofunguliwa na kufungwa loki juu ya karatasi. Simamisha skwea ndogo ya seremala iguse ncha kwa wepesi, weka alama kwa penseli iliyochongwa. Fanya vilevile mbele ya mpini. Ondoa kisu, pima kati ya alama kwa rula ya chuma au vania. Rudia mara tatu, chukua kipimo cha katikati. Skwea si mapambo: mpini ni mnene kuliko bapa, kwa hiyo bapa huelea juu ya karatasi kama milimita 4.5, na jicho likiinama digrii 10 tu limeshakosea karibu 0.8. Mabishano mengi ya dukani ni jicho, si kisu.

Ukishapata tofauti, mimi huweka mpaka hivi: hadi milimita moja kwa ncha nyembamba, sina neno. Ikifika mbili, angalia ncha kwa kioo cha kukuzia. Mistari ya msasa ikibadilika mwelekeo karibu na ncha, makali yakiwa mapana ghafla, au kukiwa na kivuli cha buluu cha chuma kilichoungua, kisu hicho kimevunjika ncha kikatengenezwa upya, au kimepita kwenye jiwe la kunolea. Kutu ya chumvi nayo huanzia hapo kwa visu vya chuma cha kaboni vya wavuvi, na kila ikisuguliwa ncha hurudi nyuma.

Kwa baharia anayepanda meli Kilindini na kushuka Uingereza, usinunue kisu kilichoandikwa inchi 3 kamili, 76.2 ikizidi nusu milimita imezidi. Chukua cha milimita 70. Na kama bapa lina loki, urefu haukusaidii, maana mahakama za huko zimeshaamua kwamba kisu chenye loki hakiingii katika ruhusa ya kisu cha mfukoni.

Usisahau kukagua kisu kikiwa kimefungwa. Bapa lililozidi urefu hugusa nyuma ya mpini, na makali hupata doa butu lisiloisha kwa kunoa. Ingiza ukanda wa karatasi nyembamba ndani ya mpini mahali ncha inapolala, funga polepole, uvute. Ukitoka bila kukatwa wala kubanwa, nafasi ipo. Kisha pitisha kidole kwa wepesi juu ya mpini: ukihisi ncha, kirudishe kisu hicho kwenye katoni na uombe kingine.