Ya Stima au ya Mkono

Mpwa wangu wa Mombasa kanitumia picha mbili kwenye WhatsApp: mashine za kusukia raketi, moja ya stima yenye kioo cha namba, nyingine ya mkono. "Mjomba, nichukue ipi?" Wachezaji wa badminton wanamngoja, asema, na wale hawana subira. Nimeitazama ile ya mkono mpaka chai ikapoa.

Kile kishikio nakijua. Kilikuwa kwenye kibanda nyuma ya uwanja wa tenisi, hoteli moja ya ufuoni Malindi, enzi ambazo Waitaliano wamejaa mji hata muuza madafu akikuita anasema "ciao". Meneja alikuwa amemletea Fundi mashine mpya ya stima, ile ya zamani ikasukumwa pembeni na kufunikwa kanga kuukuu, chumvi isiile.

Jioni moja mgeni akaleta raketi mbili, pacha. Zisukwe kilo 24, yaani kila uzi uvutwe kwa nguvu hiyo, kesho asubuhi ana mechi. Ya kwanza ikatoka bila neno. Ya pili, nyuzi za wima zote 16 zishavutwa, ndiyo kwanza Fundi aingia za mlalo, giza. Jenereta ilikuwa ya vyumba na jikoni. Sisi hatukuwemo kwenye hesabu.

Raketi yenye nyuzi za wima peke yake huwezi kuitoa ukaihamishia mashine nyingine, fremu itapinda. Ama tungoje stima, ama tukate tuanze upya. Fundi akangoja muda wa sigara moja, kisha akaomba mkasi. Akakata kutoka katikati kwenda nje, mmoja huku, mmoja huku, fremu isishtuke. Uzi mzuri ukaenda taka.

Hapo ndipo ninapopaona mpaka leo. Nimeshika tochi, mbu wananiimbia masikioni, Fundi azungusha kishikio polepole, uzi walia kidogo ukijikaza, halafu tak! breki imejifunga. Anabana kibano, anarudisha kishikio, anapitisha mwingine. Tak! Kabla ya kuanza alikuwa amekisogeza kipimo kikapita 24, karibu 25 na nusu. Nikamwambia, mzee, mgeni kasema 24.

"Hii ikifika pale hujifunga, haivuti tena. Uzi nao waendelea kulegea. Ile ya stima, ukilegea yauvuta, ukilegea yauvuta, mpaka ukubali. Sasa 24 ya huku si 24 ya kule."

"Na hiyo uliyoongeza yatosha?"

Akaupiga uzi kwa kucha, akainamisha sikio. Hakunijibu.

Asubuhi mgeni akapiga mipira kwa hii, akabadilisha, akarudia ya kwanza. Kisha akachagua: ile ya mkono. Akauliza kama zote mbili ni 24. "Sawasawa, bwana," Fundi akasema, na uso haukumcheza hata kidogo. Mechi alishinda au alishindwa, sikumbuki.

Ningependa kumwambia mpwa kuwa hilo lathibitisha kitu. Wapi! Huenda yule mgeni apenda uzi mlegevu tu. Na badminton si tenisi: huko wanakaza kilo 10, 11, hata 12, fremu ni nyembamba, kosa dogo yapasuka, kwa hiyo namba isiyotangatanga ina faida yake. Lakini stima ya Pwani aijua mwenyewe, na chumvi haina upendeleo: ile mpya ilifika mahali kioo chatoa namba za ajabu, na ya zamani vibano vikashika kutu. Nimemwandikia yote hayo, ujumbe mrefu kama barua ya posa, naye kanijibu kwa kidole gumba.

La Fundi sikumwandikia. Meneja alipotaka nafasi kibandani, mashine moja iondoke, alimwachia Fundi achague. Jibu tulilijua sote. Vijana wa kuokota mipira walishaanza kucheka. Fundi akajishika bega la kulia, akalikanda.

"Niachie ya stima," akasema. "Ikikatika, nitalala."