Siwa mbili, matope magotini

Mwenzenu nimerudi Lamu juzi. Pale Makumbusho ya Lamu nilisimama kitambo kizima mbele ya siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kupulizwa kwenye sherehe: ya Pate, ya pembe ya ndovu, na ya Lamu yenyewe, ya shaba. Kwenye picha huwezi kujua ukubwa wake! Ngome, iliyokamilika 1821 na kuwa jela hadi 1984, niliipitia haraka. Jua lilikuwa kali.

Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, ndiko nilikokomeshwa. Nahodha alituonya mapema kuwa maji yanapwa, mimi bado naizunguka ile nguzo iliyo juu ya kibla cha msikiti. Kurudi, mashua ikakwama kwenye mikoko. Tukashuka kusukuma, matope hadi magotini. Ndara zangu ziko huko huko.