Jinsi nilivyoufuata ukoo wa McGillycuddy hadi Kerry

Mume wangu ni McGillycuddy, na watoto wetu wanabeba jina hilo. Jirani mmoja hapa Cork, Ayalandi, aliniambia kwamba kila jina lenye Mc ni la Waskoti. Si kweli hata kidogo! Mc ni Mac, yaani mwana wa, na Waayalandi wanalo tangu enzi. Jina kamili ni Mac Giolla Mochuda: mwana wa mtumishi wa Mochuda, mtakatifu wa Kerry, kaunti ya kusini-magharibi mwa Ayalandi, aliyeanzisha monasteri ya Lismore akafariki mwaka 637. Babu yangu wa Tanga aliitwa Abdallah, mtumishi wa Mungu, kwa hiyo nililielewa palepale.

Kosa langu lilikuwa kumsikiliza mtu aliyesema nianze na sensa ya 1851. Miezi miwili nilihangaika nayo. Kumbe karibu zote za miaka hiyo ziliteketea Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Four Courts, Dublin, lilipoungua vitani. Wala usinunue karatasi zile zenye ngao ya ukoo. Mimi nililipa euro hamsini na kitu, na hapakuwa na habari yoyote ndani yake.

Sensa ya 1911 ilisalimika, kama ile ya 1901, na kuisoma mtandaoni ni bure. Nikaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti: wakaja watu, lakini si wetu. Basi nikaliacha jina, nikafuata mahali. Ukoo huu ni tawi la ukoo wa O'Sullivan Mór, na makao yake ni Kerry, chini ya milima ambayo kwa Kiingereza ina jina la ukoo huu: MacGillycuddy's Reeks. Kwa Kiayalandi inaitwa Na Cruacha Dubha. Baba mkwe alikumbuka parokia, nami nikapita kitongoji kwa kitongoji, nyumba kwa nyumba, siku tatu usiku watoto wakilala. Nikawapata! Karani alikuwa ameandika Gillacuddy, bila Mc.

Nilimpelekea baba mkwe picha ya fomu ile. Sahihi ya babu yake iko chini, wino mzito. Mstari wa tano ni baba yake, mtoto wa miaka 6. Kwenye safu ya lugha, wazazi wameandikiwa Kiayalandi na Kiingereza; mbele ya watoto pako patupu, yaani hawakuandikiwa Kiayalandi. Mzee alipaweka kidole pale, akakaa kimya, kisha akasema, "Baba hakuwahi kutuambia kwamba kwao walikisema."