Siku moja kazini Berlin: mjusi wa Tendaguru na jirani yake mwenye manyoya

Saa 3:00 asubuhi. Naingia Museum für Naturkunde, jumba la makumbusho ya historia asilia, kabla ya wageni. Kazi yangu ni kuwatembeza. Napita chini ya mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbuliwa kusini mwa Tanzania, mita 13.27 kwenda juu, mifupa ambayo wapagazi waliibeba hadi Lindi kati ya 1909 na 1913. (Suala la kumrudisha nyumbani naulizwa mno. Leo tuliache.)

Saa 3:30. Wanafunzi wanalikimbilia jitu. Nawavuta hadi kwenye bamba la chokaa lenye kiumbe wa ukubwa wa kunguru, Archaeopteryx. Mabawa yametandazwa, manyoya yamejichora jiweni moja moja. "Ndege!" Haya, ndege gani wa leo ana meno? Kucha tatu kwenye kila bawa? Mkia mrefu wa mifupa? Mvue manyoya, anabaki dinosaria mdogo mla nyama. Si utani: kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) kingine cha aina yake kilikaa miaka kikiitwa Compsognathus, dinosaria mdogo, kwa kuwa manyoya yake hayakuonekana vizuri.

Wanauliza manyoya yalibakije. Bavaria, jimbo la Ujerumani alikopatikana, miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa visiwa na wangwa. Maji ya chini yalikuwa na chumvi kali na hewa haba, mzoga haukupata wa kuula, na tope laini la chokaa likaufunika.

Saa 6:00. Chakula. Wenzangu wamechoka na kisa changu cha ng'ombe: inasemekana aliyekiokota kisukuku hiki karibu na Eichstätt, miaka ya 1870, alikibadilisha kwa ng'ombe. Baadaye kikanunuliwa kwa marki 20,000, kwa msaada wa Werner von Siemens, mwenye viwanda wa Ujerumani.

Saa 8:00. Je, aliruka? Utafiti wa 2018 ulipiga picha za eksirei ndani ya mifupa ya visukuku vingine vya Archaeopteryx. Ilifanana na ya ndege wa jamii ya kwale, wanaoruka masafa mafupi kwa kupigapiga mabawa. Mimi hilo linanitosha.

Saa 10:00. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Ametoka Mtwara, yuko huku kwa bintiye.

"Na huyu wetu alikuwa na manyoya?"

"Hatujaona dalili, mama. Ngozi za jamaa zake zilizopatikana zina magamba."

"Kwa hiyo kuku ni wa ukoo wake?"

"Kuku ni wa upande wa yule mdogo. Ukoo wa wetu ulikatika, haukuacha kizazi."