Imeli yako iko kwa nani?

Kila mradi wa kufundisha vijana mambo ya dijitali ukija hapa Mombasa unaanza vile vile, laptopu zimepangwa, bango limetundikwa, mgeni rasmi anaongea kuhusu kazi za mtandaoni na dola, halafu darasani mnaambiwa haya, kila mtu aingie kwenye imeli yake. Hapo asubuhi yote inaishia. Si kwamba vijana hawana imeli, wanazo, kwenye simu ya Android Play Store haikuingizi bila hiyo, shida ni kwamba hawaijui. Ilifunguliwa na yule jamaa aliyewauzia simu, pale pale kaunta, akaandika jina analolitaka yeye na pasiwedi anayoijua yeye, mteja akalipa akaenda zake. WhatsApp inaingia, TikTok inacheza, sasa pasiwedi ya nini?

Mimi nasaidia kufundisha huku Kisauni, na wengi wanaokuja ni watu wenye kazi tayari: dada wa saluni, wasichana wa kazi za nyumba, vijana wa boda, wachache wa viwanda vya Changamwe. Kila siku tunaambiwa vijana hawana ajira, hawa ajira wanayo, tena ya kudamka alfajiri, pesa ndio haionekani.

Kuna dada msusi aliibiwa simu kwenye matatu. Simu alipata nyingine ya mkono wa pili, sasa akataka vitu vyake, hasa picha za misuko maana ndizo anazowaonyesha wateja wachague. Tukakaa tukajaribu kurudisha akaunti. Google ikauliza pasiwedi ya mwisho unayoikumbuka, hakuna. Ikasema basi tutume koodi kwa namba inayoishia na tarakimu fulani, ananiangalia, "Ticha, hiyo si namba yangu." Namba ya nani? Akafikiria weee, kisha akacheka kwa uchungu, ni ya muuza simu, na kile kibanda kilishahama. Picha zote za miaka ya kazi yake ziko salama kabisa huko mtandaoni, ila hazimhusu tena.

Picha basi ni nafuu, njoo kwa serikali. PIN ya KRA, yaani namba yako ya mamlaka ya kodi, ulifunguliwa saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti, eCitizen ya huduma za serikali mtandaoni nayo saiba, na imeli iliyowekwa pale ni ya saiba hiyo hiyo kwa sababu kijana alikuwa na haraka na foleni ilikuwa ndefu. Sasa Juni 30 inafika, hata kama hukupata kitu inabidi ufaili ritani ya kodi, usipofaili ni faini ya shilingi 2,000. Kufaili nil, yaani kusema hukupata kitu, ni dakika chache tu mtu akijua, lakini umesahau pasiwedi ya iTax, tovuti ya KRA, ukiomba mpya inatumwa kwa imeli ya saiba, kwa hivyo unarudi saiba unalipa, na mwakani tena, na mwaka unaofuata tena. Sisemi jamaa wa saiba ni wezi, wengi wamewasaidia watu kuliko ofisi zenyewe. Nasema mtu mzima mwenye kitambulisho chake hawezi kuingia kwenye mambo yake mwenyewe bila kumuomba mtu mwingine, halafu tunakuja kumfundisha Excel.

Na Excel siidharau jamani. Lakini ukimkalisha mtu ambaye vidole gumba vyake vinakimbia kwenye simu kama umeme, ukampa kibodi, ataitafuta ile alama ya @ mpaka jasho limtoke na ajione mjinga, ilhali mjinga si yeye, kompyuta hatakuwa nayo akitoka hapo. Ndio maana mimi siku hizi naanza na simu aliyokuja nayo. Kitu kilichopigiwa makofi kuliko vyote darasani ni kuzima apu zisijisasishe zenyewe, manake watu wananunua bando la saa moja, simu inalimeza kwa masasisho, wao wanabaki kulaani kampuni ya simu. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, sisi ndio mlango wa intaneti ya nchi hii, na bado mtu wa Kisauni anaipima intaneti kwa dakika.

Kuhusu zile dola sasa. Ajira Digital, mradi wa serikali wa kazi za mtandaoni, inafundisha bure na wapo waliofaidika, nisiwe mchoyo wa kusema. Ila mfundishaji awe mkweli kwamba kazi zenyewe zinaweza kukatika usiku mmoja, Machi 2024 Remotasks, tovuti ya kazi ndogo ndogo za kufundisha akili bandia, ilifungia Kenya na watu waliokuwa wanalipa kodi ya nyumba kwa hiyo kazi wakaamka wamefungiwa nje. Pia kuna hii biashara ya kukodi akaunti ya mtu aliyethibitishwa, unafanya kazi wewe, pesa inaingia kwake, anakukatia anavyotaka. Ni yale yale ya muuza simu. Na anayekudai ada ya usajili ndio akupe kazi, kimbia.

Jambo lingine waandaaji hawalioni ni saa. Kozi ni bure, sawa, lakini inawekwa Jumamosi kwa sababu Jumamosi watu wa ofisini hawako kazini. Msusi Jumamosi ndio siku yake ya pesa, analipwa kwa kichwa, akija darasani amelipia kozi hiyo kwa wateja aliowapoteza. Msichana wa kazi za nyumba naye mpaka mwajiri akubali, na wengine wanakataa wazi, eti akijua kompyuta ataondoka. Halafu ripoti inaandikwa kwamba vijana hawana nidhamu, wanaacha kozi katikati.

Kwa hiyo darasa letu tumelihamishia Jumatatu asubuhi, saluni ikiwa imelala. Anayekuja aje na simu yake, kitambulisho, chaja, na daftari la karatasi la kuandikia pasiwedi, najua wataalamu watanipigia kelele hapo, wapige tu. Kama PIN yako ilifunguliwa na mtu, mpigie kabla hujaja umuulize alitumia imeli gani.