Margazhi, mwezi wa kuamshana

Jai Shri Krishna, ndugu zangu.

Tumo ndani ya Margazhi, mwezi ambao Bwana Krishna alijitambulisha nao. Katika Bhagavad Gita, sura ya 10, aya ya 35, anamwambia shujaa Arjuna kwamba miongoni mwa miezi yeye ni Margashirsha, yaani Margazhi yetu. Watamil wa kusini mwa India huuhesabu kwa jua, toka katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na ndoa hazifungwi. Wazee hufundisha kwamba mwaka wetu mmoja ni siku moja ya miungu, na mwezi huu ndio alfajiri yao. Kwa hiyo watu huoga kabla jua halijatoka, na kina mama huchora kolam, michoro ya baraka, mlangoni kwa unga wa mchele, wakiweka ua la boga katikati. Kule hekaluni Tirumala, hata Suprabhatam, wimbo wa kumwamsha Bwana, hupisha Tiruppavai.

Tiruppavai ni wimbo wa beti 30 wa mshairi Andal, ubeti mmoja kwa siku. Andal alilelewa Srivilliputhur na Periyalvar, aliyemkuta bustanini chini ya mmea mtakatifu wa tulsi, naye ndiye mwanamke pekee kati ya Alvar 12, watakatifu washairi wa Vishnu. Katika ubeti wa pili anataja masharti ya mfungo: hakuna samli, hakuna maziwa, hakuna wanja wala maua ya kichwani. Kisha humo humo anaongeza kwamba hatutasengenya, na tutatoa sadaka. Samli mtu anaweza kuiacha mwezi mzima. Jaribu kumaliza siku mbili bila kumsema asiyekuwepo!

Ila kinachonigusa zaidi ni beti za 6 hadi 15. Andal ameshaamka, na kwa Krishna anakujua. Angeweza kutangulia. Badala yake anatumia theluthi nzima ya wimbo kupita mlango hadi mlango akiwaamsha wenzake. Mmoja amelala huku taa zinawaka pande zote na ubani unanukia. Wasichana wanamgeukia mama wa nyumba, wanamuuliza kama binti yake ni bubu au kiziwi. Kwingine nyati wamewakumbuka ndama wao, maziwa yanajitiririkia mpaka sakafu imekuwa tope, na wasichana wamesimama mlangoni umande ukiwadondokea kichwani. Hawaondoki. Wa mwisho anajibu kutoka ndani kwa ukali kidogo: msinipigie kelele, nakuja. Halafu anauliza, je, wote wamefika? Wanamwambia wamefika, atoke ahesabu mwenyewe.

Kwa Nandagopa, baba mlezi wa Krishna, hawafiki mpaka ubeti wa 16.

Basi tusiisome Tiruppavai kila mtu peke yake kitandani na simu yake, kisha tukaona tumeutimiza mwezi. Yupo dada ambaye hatujamwona kwenye satsang, mkusanyiko wetu wa ibada, tangu Diwali. Yupo mzee ambaye hana wa kumleta. Andal hakumuuliza aliyelala kwa nini amelala kabla ya kumwita, nasi tusianze na lawama. Tuwapigie, tuwapitie, na wakichelewa kufungua tungoje.

Siku ya 27 ni Koodarai, siku ya ubeti wa 27. Siku hiyo samli tuliyoiacha inarudi, imemiminwa juu ya wali wa maziwa mpaka inachuruzika hadi kwenye kiwiko, na Andal anataka tuile tukiwa tumeketi pamoja. Mwenye mtu wa kumpitia aanze Jumapili hii.