Kilichokatwa chini ya gari langu

Leo asubuhi fundi wangu hapa Makupa kaninyanyulia gari, kisha akaniita nichungulie. Lile kopo la kusafishia moshi kwenye ekzosi halipo! Limekatwa, pakachomelewa bomba tupu. Nimeumia, jamani, maana gari nililitoa bandarini likiwa zima, na gereji iliyopita nililiacha siku mbili.

Nikamuuliza, "Sasa mwizi anatafuta nini humo?" Akanionyesha kopo kuukuu la gari jingine. Ndani mna kauri ya kijivu yenye vitundu kama sega la nyuki, na kwenye vitundu hivyo hupakwa metali za thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Gramu chache tu.

Nimeshinda na simu nikisoma. Platinamu nyingi ya dunia hutoka Afrika Kusini, kwenye miamba ya Bushveld, ulimo mkanda uliopewa jina la mwanajiolojia Hans Merensky aliyeufuatilia mwaka 1924. Humo imo kuperaiti, platinamu iliyoshikana na salfa. Ipo pia speriliti, iliyoshikana na aseniki, ambayo ilitambuliwa kwanza Sudbury, Kanada, mwaka 1889. Mara nyingi ni chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. Bragaiti, yenye platinamu na paladiamu zilizoshikana na salfa, ndiyo iliyonishika zaidi: mwaka 1932 ilikuwa madini ya kwanza kabisa kugunduliwa kwa eksirei. Subhanallah, tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu!

Wenye magari, inameni mchungulie chini kabla hamjaondoka gereji.